Namna ya Kujipima Biolojia ya Mwaka wa Kwanza wa Chuo: Mwongozo Kamili

Wengi wanaoanguka kwenye biolojia ya mwaka wa kwanza wamesoma. Wamepitia notsi mara tano, wamepigia mistari nusu ya kitabu, na ukiwatajia osmosisi au mitokondria wanaitikia kwa kichwa. Tatizo hujitokeza pale karatasi ya mtihani inapouliza jambo kwa sura ambayo notsi hazikuwa nayo. Anayesoma maandishi yaleyale kila siku huyazoea, na mazoea hayo humfanya aamini ameelewa. Dawa yake ni kujipima kitabu kikiwa kimefungwa, kwa maswali yanayoweza kukuumbua ukiwa bado na muda wa kurekebisha.

Andaa karatasi tupu, kalamu ya bluu na nyekundu, kikokotoo, saa, na daftari dogo litakalokuwa la makosa tu. Simu iwe chumba kingine. Kikao kimoja kisizidi dakika 60: dakika 10 za karatasi tupu, 30 za maswali, 20 za kusahihisha. Wengi huzipunja hizo 20 za mwisho, na ndizo zenye faida kuliko zote.

Hatua ya 1: Karatasi tupu

Chagua mada finyu. "Jenetiki" ni pana mno. "Jinsi ribosomu (kiwanda cha protini cha seli) inavyosoma mRNA (nakala ya jeni)" inatosha kwa kikao kimoja. Kwa dakika 10 andika yote unayoyakumbuka, kwa michoro na mishale. Kila mshale uwe na kitenzi juu yake: huzalisha, huzuia, huvunja, hubeba. Ukikuta umechora mshale na kitenzi hakiji, hapo ndipo pa kusoma tena.

Kwa anayesoma Tanzania au Kenya kuna kipimo kingine kizuri sana. Mihadhara na mitihani ni ya Kiingereza, na sentensi ya Kiingereza hukaririka vizuri tu bila kueleweka. Kwa hiyo, ukimaliza karatasi tupu, mweleze mwenzako mada hiyo kwa Kiswahili, ukibakiza majina ya vitu tu kama ATP au ribosomu. Ukishindwa kusema kwa Kiswahili kwa nini maji yanaingia kwenye seli, ujue ulikuwa umeshika maneno. Kisha andika jibu hilohilo kwa lugha ya mtihani, maana alama ziko huko.

Hatua ya 2: Tunga maswali ya ngazi tatu

Kila mada itungie maswali 12: matatu ya kutaja, manne ya kueleza, matano ya kutabiri. Chukua vimeng'enya. Swali la kutaja: kimeng'enya hupunguza nini? (Nishati inayohitajika kuanzisha mmenyuko.) La kueleza: kwa nini kasi hupanda na joto halafu ikaporomoka ghafla? (Mwanzoni molekuli hugongana mara nyingi na kwa nguvu zaidi, joto likizidi, protini hupoteza umbo lake na mahali pa kushikia molekuli panaharibika.) La kutabiri: mmenyuko umeshafika msawazo (kwenda na kurudi kwake kumelingana), ukiongeza kimeng'enya mara mbili, je, zao litaongezeka? Hapana. Kimeng'enya huharakisha kufika kwenye msawazo, hakiusogezi msawazo wenyewe. Wanaojibu maswali mawili ya kwanza kwa ufasaha mara nyingi huteleza kwenye hili la tatu.

Ukitunga maswali ya kuchagua, majibu ya uongo yasiwe ya ovyo. Kila moja litokane na kosa halisi ambalo mwanafunzi hulifanya. Jibu la uongo ambalo hakuna anayeweza kulichagua halipimi chochote.

Hatua ya 3: Jibu, na uandike kiasi cha uhakika wako

Kabla ya kufungua majibu, weka herufi pembeni ya kila jibu: H kwa hakika, N kwa nusu hakika, B kwa kubahatisha. Jibu sahihi lenye B lihesabu kama hujui. Jibu lililokosewa lenye H ndilo la hatari zaidi, kwa sababu huwezi kulitilia shaka ukiwa kwenye chumba cha mtihani. Hayo yaandikwe kwanza kwenye daftari la makosa.

Kuna pia hesabu ya kubahatisha. Maswali 20 yenye machaguo manne yanampa mbahatishaji wastani wa alama 5 za bure. Ukipata 12 na kukosa 8, toa theluthi moja ya uliyokosa: 12 − 8/3 = 9.3. Hiyo iko karibu zaidi na unachokijua.

Mada zenye mitego, na jinsi ya kuzipima

*Osmosisi.* Ni maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea penye chembe nyingi zaidi zilizoyeyuka. Jipime kwa swali hili. Maji ya chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 za NaCl kwa lita, hayavimbishi wala kunyausha chembe nyekundu za damu. Hiyo ni takriban mola 0.154 kwa lita. Je, sukrosi ya mola 0.154 nayo itafaa? Wengi husema ndiyo. Lakini chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa Na⁺ na Cl⁻, hivyo jumla ya chembe zake majini ni karibu mola 0.308. Sukrosi haigawanyiki. Inatakiwa karibu mola 0.3 kwa lita, sawa na gramu 103 hivi. Ukiweka 0.154, maji yataingia kwenye chembe za damu, zitavimba, na baadhi zinaweza kupasuka.

Mada hii unaweza kuipima jikoni kwa viazi mviringo. Sukari ya mezani ni sukrosi, na mola moja ina gramu 342. Tengeneza vikombe vinne vya mililita 250: kimoja cha maji matupu, kingine gramu 17.1 za sukari (mola 0.2 kwa lita), kingine 34.2 (0.4), kingine 51.3 (0.6). Yeyusha sukari kwenye maji kidogo kwanza, ndipo ujaze mpaka jumla ifike 250. Ukianza na maji 250 halafu ukatia sukari, ujazo unapita na namba zako zote zinapotoka. Menya kiazi, kata vipande 12 vya sentimita 4 kwa 1 kwa 1, na usiache ganda hata kidogo kwa sababu hupunguza kupita kwa maji. Weka vipande vitatu kila kikombe baada ya kuvipima vitatu kwa pamoja. Mzani uwe unaosoma gramu 0.1, vipande vitatu vina gramu 12 hivi, na mzani wa jikoni unaosoma gramu nzima hautaona badiliko la asilimia 5.

Kabla ya kuvitumbukiza, andika utabiri wako kwa kila kikombe. Acha saa mbili, vikaushe vyote kwa namna moja kwa karatasi laini, pima tena. Badiliko kwa asilimia ni uzito wa mwisho ukitoa wa mwanzo, gawanya kwa wa mwanzo, zidisha mara 100. Chora grafu. Mstari unapokata sifuri ndipo mkusanyiko wa myeyusho unapolingana na wa seli za kiazi, na mara nyingi huwa kati ya 0.2 na 0.4. Kikombe cha maji kikionyesha uzito umepungua, kwa kawaida vipande vya mwanzo vilipimwa vikiwa na maji juu yake.

*Upumuaji wa seli.* Usiridhike na kutaja "ATP 38", yaani idadi ya ATP (molekuli zinazobeba nishati ya seli) zinazotokana na glukosi moja. Vitabu vya zamani vilitoa 36 au 38. Hesabu ya sasa ni kama 30 hadi 32, na swali zuri ni kukutaka uifikie mwenyewe. Glukosi moja inatoa NADH 10 (NADH na FADH₂ ni wabebaji wa elektroni): mbili za glaikolisisi, mbili za kugeuza piruveti, sita za mzunguko wa Krebs. FADH₂ ni mbili. Ukichukua ATP 2.5 kwa kila NADH na 1.5 kwa kila FADH₂, unapata 25 + 3 = 28. Ongeza 2 za glaikolisisi na 2 za Krebs, jumla 32. Basi 30 inatoka wapi? Zile NADH mbili za glaikolisisi zimezaliwa nje ya mitokondria, na katika baadhi ya seli elektroni zake huvushwa kwa njia inayozipa thamani ya 1.5 badala ya 2.5. Ukiweza kueleza tofauti ya hizo mbili bila kutazama popote, mada hii umeishika.

Kisha jiulize swali la muhogo mchungu. Muhogo una linamarini, kemikali inayotoa sumu ya sayanidi ikivunjwa, na kwenye seli nzima linamarini imetengwa na kimeng'enya kinachoivunja. Kwa nini kuutwanga, kuuloweka na kuuanika huondoa sumu vizuri kuliko kuutia kwenye mafuta moto ukiwa kipande kizima? Jibu kamili lina viungo vitatu. Kutwanga hupasua seli, kimeng'enya kikakutana na linamarini. Sayanidi hidrojeni inayotokana huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, kwa hiyo hutoka kama hewa. Joto kali la ghafla huharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini inabaki. Endelea: sayanidi ikiingia mwilini huzuia hatua ya mwisho ya mnyororo wa elektroni, ile inayoikabidhi oksijeni. Tabiri kitakachotokea kwa NAD⁺ (NADH iliyokwisha kutoa elektroni zake), mzunguko wa Krebs na asidi ya laktiki. NADH hurundikana, NAD⁺ huadimika, Krebs husimama, na seli hubaki kutegemea glaikolisisi, ikirejesha NAD⁺ kwa kutengeneza laktiki. Swali moja tu hilo limepima vimeng'enya, muundo wa seli na nishati.

*Usanisinuru.* Maswali mawili yanatosha. Uzito mkavu wa mti umetoka wapi hasa? Van Helmont alikuza mwerebi kwenye chungu kwa miaka 5. Mti uliongezeka karibu kilo 74 na udongo ukapungua gramu 57 tu. Yeye alidhani ni maji. Sehemu kubwa ni kaboni dioksidi ya hewani, na anayejibu "mbolea" hajaelewa. La pili: je, mmea hupumua mchana? Ndiyo, saa zote. Mitokondria zake hazilali jua likichomoza.

*Mitosisi na meiosisi.* Hapa tumia nyuzi. Kata nyuzi mbili ndefu na mbili fupi, kila urefu uwe na moja ya bluu na moja nyekundu. Hiyo ni seli yenye kromosomu 4. Kuonyesha DNA imenakiliwa, ongeza uzi wa pili unaofanana kabisa pembeni ya kila mmoja na ufunge fundo katikati. Sasa hesabu mafundo. Kromosomu, yaani mafundo, bado ni 4; kromatidi, yaani nyuzi zenyewe, ni 8. Kosa kubwa kwenye mitihani ni kuhesabu kromatidi mahali pa kromosomu. Kuhesabu mafundo hulimaliza.

Kisha jipime kwa mahindi, yenye kromosomu 20. Baada ya kunakili DNA: kromosomu 20, kromatidi 40. Mgawanyiko wa kwanza wa meiosisi ukifika katikati: jozi 10. Baada ya mgawanyiko huo: kila seli ina kromosomu 10, kila moja bado na kromatidi mbili. Baada ya wa pili: 10, kromatidi moja moja. Na kwenye mitosisi, pale kromatidi zinapoachana kabla seli haijagawanyika, kwa muda mfupi kuna kromosomu 40. Ukikosa hii ya mwisho, rudia nyuzi.

*Kutoka DNA hadi protini.* Uzi wa kiolezo ni 3'-TAC GGA CTT ATT-5'. Andika mRNA na amino asidi zake. mRNA ni 5'-AUG CCU GAA UAA-3', yaani methionini, prolini, asidi ya glutamiki, kisha kikomo. Sasa futa herufi ya nne ya kiolezo, ile G ya kwanza, na usome upya: AUG CUG AAU AA. Fremu nzima imehama, kikomo kimepotea. Halafu badala ya kufuta, badilisha A ya GGA iwe G: kodoni (herufi tatu za mRNA zinazotaja amino asidi moja) inakuwa CCC, ambayo bado ni prolini, na protini haibadiliki. Mtego mkubwa ni mwelekeo. Wengi hupewa uzi ulioandikwa kutoka 5' wakausoma hivyohivyo. Tazama namba za ncha kabla ya kugusa herufi yoyote.

*Urithi na uwezekano.* Selimundu ndiyo mfano bora, kwa kuwa kisa kizima kiko wazi: kodoni GAG ya beta globini imekuwa GUG, asidi ya glutamiki nafasi ya 6 imekuwa valini. Jeni ya kawaida iite A, ya selimundu S; mwenye SS ni mgonjwa, mwenye AS ni mbebaji. Wazazi wote wawili ni AS. Uwezekano wa mtoto SS ni 1/4 kwa kila ujauzito, na ujauzito uliopita haubadilishi kitu. Usemi wa "wa kwanza ameshaumwa, watatu wanaofuata watakuwa salama" si sahihi, na umeumiza familia nyingi, kwa hiyo uelewe vizuri utakapoulizwa nyumbani. Kati ya watoto watatu, uwezekano wa angalau mmoja kuwa SS ni 1 − (3/4)³ = 37/64, karibu asilimia 58. Swali gumu zaidi: dada wa mgonjwa ni mzima, uwezekano wake wa kuwa AS ni upi? Si 1/2. Tunajua si SS, hivyo zimebaki nafasi tatu, na mbili kati yake ni AS: 2/3.

*Hardy na Weinberg.* Fomula yao ni p² + 2pq + q² = 1, ambapo q ni uwiano wa jeni ya ugonjwa na p wa ile ya kawaida. Mtoto 1 kati ya 100 amezaliwa na ugonjwa fiche, yaani unaohitaji jeni mbili za ugonjwa. Wabebaji ni wangapi? Kosa la kawaida ni kuandika q = 0.01. Hiyo 0.01 ni q², kwa hiyo q = 0.1, p = 0.9, na wabebaji 2pq = 0.18, asilimia 18. Ongeza swali la kueleza: kwa nini fomula hii itumike kwa tahadhari kwa selimundu penye malaria nyingi? Kwa sababu AS hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, hivyo uteuzi asilia unafanya kazi, na kutokuwepo kwa uteuzi ni sharti mojawapo la fomula.

*Mageuko na ikolojia.* Jisahihishe kila unapoandika "mbu wamejizoesha dawa". Mbu mmoja hajizoeshi. Waliokuwa na jeni za ukinzani ndio walionusurika wakazaa, na uwiano wa jeni hizo ukapanda kizazi baada ya kizazi. Kwenye ikolojia, kanuni ya asilimia 10 kati ya ngazi za chakula ni makadirio, na swali la kujiuliza ni ile 90 imeenda wapi: joto la upumuaji, kinyesi, na sehemu zisizoliwa.

Hesabu za maabara

Alama nyingi hupotea hapa, na ndizo rahisi kuziokoa. Hadubini: lenzi ya jicho 10 mara lenzi ya kitu 40 ni ukuzaji 400. Ukipima kipenyo cha eneo unaloliona kwenye ukuzaji 100 ukapata milimita 1.8, kwenye 400 ni 0.45, sawa na maikromita 450. Seli tano zikijipanga kutoka ukingo hadi ukingo, kila moja ni maikromita 90. Ukuzaji ukipanda, eneo hupungua. Wanaozidisha mahali pa kugawanya hupata seli kubwa kama punje ya mchele na hawashtuki.

Kuzimua na kuhesabu bakteria: mililita 1 ya sampuli kwenye 9 za maji ni 1/10, si 1/9. Rudia mara nne upate 10⁻⁴. Umemwaga mililita 0.1 kwenye sahani, yameota makundi 87. Idadi kwa mililita ya sampuli ya awali ni 87 ÷ (0.1 × 10⁻⁴) = 8.7 × 10⁶. Wanaosahau ile 0.1 hupata jibu dogo mara 10.

Hatua ya 4: Sahihisha kwa sababu, siyo kwa alama

Kwa kalamu nyekundu, kila kosa lipe jina: sikujua, nilichanganya, nilisoma swali vibaya, au hesabu. Usiandike jibu sahihi tu; andika kilichokufanya uchague la uongo. "Nilichanganya kromatidi na kromosomu" inakusaidia, "jibu ni 20" haikusaidii. Makosa ya "sikujua" yanarudi kwenye kitabu. Ya "nilichanganya" yanahitaji jedwali la vitu viwili pembeni kwa pembeni, kwa tofauti tatu zinazopimika. Ya kusoma vibaya yanapona kwa kupigia mstari kitenzi cha swali na maneno kama "isipokuwa" kabla ya kujibu.

Ratiba

Rudia kila seti ya maswali siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 21. Kuanzia siku ya 7 changanya mada. Ukijua swali linatoka sura ya meiosisi, nusu ya kazi umeshafanyiwa. Swali ulilolipata kwa H mara tatu mfululizo litoe, tunga jingine gumu zaidi mahali pake.

Pepa za miaka iliyopita usizimalize mapema. Hifadhi angalau mbili bila kuzigusa, moja uifanye siku 14 kabla ya mtihani na nyingine siku 5 kabla, kwa saa kamili za mtihani, mezani, bila maji ya kunywa kila dakika wala mapumziko. Siku mbili za mwisho fungua daftari la makosa peke yake, ufunike upande wa majibu kwa karatasi, na uanze na yale yaliyokuwa na herufi H.